Shanga na Kifua cha Nakeno

Lodwar, 9 Aprili 2024

Akaale,

Huna haya. Salamu nitakupa huko chini ukizistahili.

Leo nimekaa kando ya barabara tangu asubuhi nikingoja gari ya Aukot kutoka Kakuma. Nimekaa na kibuyu cha maziwa mapajani, nimejipaka mafuta, na wanawake wote wa hapa Nakwamekwi wameniona. Shule zimefungwa, kila mtoto anakuja kwa nyanya yake. Aukot anashuka, ananipa karatasi. Nikamwuliza, mtoto yuko wapi? Akasema, nimepewa hii tu. Nimesoma nikiwa nimesimama, maziwa yakachacha. Ati Nakeno hatakuja kwangu kwa sababu daktari wa Kakuma amesema mbuzi ndizo zinamziba kifua.

Mbuzi zipi? Zangu? Hizo zilizokulea wewe? Ulizaliwa juu ya ngozi ya mbuzi. Ulipakwa mafuta ya mbuzi. Nilipokuwa na homa ulinyonya kwa mbuzi mwenyewe, umepiga magoti kama mtoto wake. Kwani ulikufa? Niambie, ni Mturkana gani anakatazwa mbuzi? Siku ya kuolewa kwake watu wataleta nini, kuku?

Ile mbuzi yake, ile nyeupe yenye shingo nyeusi niliyompa alipoota jino la kwanza, imezaa. Watoto wake nimekataa wapewe jina mpaka Nakeno afike awape mwenyewe. Sasa wanakaa bila jina kama mawe.

Haya, salamu yako hii: ejok. Huku tuko wazima, magoti tu. Mdogo wake Nakeno, Ebei, ameanza kutembea? Huyo daktari mwambie aje nimwonyeshe watu waliozeekea ndani ya zizi.

Na usiniambie ninunue simu. Simu unaikata nikianza kukugombeza. Barua haikatiki, utasoma mpaka mwisho.

Mama yako,
Namuar

---

Kakuma, 17 Aprili 2024

Kwa Mama,

Ejok, Mama. Natumaini magoti yamepata nafuu na mvua imefika huko. Sisi hatujambo, joto tu. Ebei anatembea, anaanguka, anainuka, anakwenda mlangoni kwa jirani yangu Nyadak kuomba samaki. Nyadak anamwita askari wa kodi. Biashara yangu ya chai inakwenda.

Mama, nakuomba usome hii ukiwa umeketi.

Unakumbuka Desemba Nakeno alivyokohoa kwako, ukamkanda kifua kwa mafuta? Aliporudi hapa aliendelea kukohoa kila alfajiri mpaka shule zikafunguliwa. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyo hivyo. Akikaa hapa anapona. Akitoka kwako, anaugua. Nilidhani ni baridi ya njiani.

Halafu akaja daktari wa vifua, amekuja kutembelea hospitali tu. Alimdondoshea Nakeno matone mkononi, kila tone na kitu chake: vumbi la nyumba, chavua ya miti ya mathenge, paka, mbuzi. Akachoma kidogo kwa ncha ya sindano kwenye kila tone. Tukangoja. Tone la mbuzi likavimba na kuwa jekundu, kama ameumwa na siafu. Mengine yakakaa kimya. Nakeno akauangalia mkono wake, akaniuliza, "Mama, ni ile mbuzi yangu?"

Daktari alinieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ni aleji. Mbuzi anatoa unga kutoka kwenye ngozi yake, na mate yake yakikauka yanakuwa unga pia. Huuoni. Unakaa hewani, unashika nguo, unashika nywele. Mimi na wewe tunauvuta na hatuna habari. Mwili wa Nakeno unauona kama adui aliyevamia, unaamka kupigana naye. Vita yenyewe ndiyo ugonjwa. Njia za hewa zinavimba kwa ndani, zinajaa makohozi mazito, na nyama inayozizunguka inabana. Ule mluzi unaousikia akipumua ni hewa inatafuta pa kupita.

Na kuna jambo lingine ambalo lilinitisha. Anaweza kushika mbuzi asubuhi, akabanwa kidogo, akapata nafuu, akacheza. Halafu baada ya masaa mengi uvimbe unarudi, na huu wa pili ndio mbaya. Tena ukishavimba haushuki upesi. Siku zote hizo kifua kiko wazi kama kidonda, hata moshi wa jiko langu unatosha kumwangusha.

Amepewa dawa mbili za kuvuta. Ya bluu inafungua njia akibanwa. Ya kahawia inapoza uvimbe polepole, anavuta kila siku hata akiwa mzima.

Sikulaumu, Mama. Wewe ulimpa ulichotupa sisi sote.

Binti yako,
Akaale

---

Lodwar, 25 Aprili 2024

Akaale,

Ejok. Wazima huko? Huku tuko wazima.

Nimesoma nikiwa nimeketi. Sijakubali, lakini nimesoma. Mwili kuamka kupigana na unga wa mbuzi! Mwili huo umekosa kazi. Mngeleta watoto wachunge, miili ingechoka, ingelala.

Lakini sitaki mabishano na mtoto niliyemzaa. Kama mbuzi haziwezi kwenda kwake na yeye hawezi kuja kwa mbuzi, mimi nina miguu. Nitakuja katikati ya Mei. Shemeji yangu Adome atakamua siku hizo. Nitaoga mtoni Turkwel kwa sabuni ya kufulia. Nitavaa shuka mpya iliyotoka dukani na harufu yake ya duka. Sileti maziwa, sileti ngozi, sileti hata fimbo yangu. Nitakuja mikono mitupu kama mtu wa serikali.

Mwambie Nakeno asikue kabla sijafika.

Mama yako

---

Kakuma, 20 Mei 2024

Kwa Mama,

Natumaini ulifika salama na Aukot hakukimbiza gari kwenye yale mashimo. Ebei anakutafuta chini ya kitanda.

Nakeno yuko nyumbani sasa. Nianze na hilo ili usishtuke.

Siku ile uliyoondoka, mchana, alikuwa anacheka. Uliona mwenyewe. Jioni akaniambia kifua kinamwasha kwa ndani. Nikampa ya bluu. Akatulia kidogo, kisha akaanza kuvuta hewa kwa mabega, midomo ikabadilika rangi. Nyadak alikimbia na mkono wenye magamba ya samaki kusimamisha bodaboda. Hospitalini walimwekea oksijeni, na nilikaa kwenye benchi la nje nikimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Daktari aliniuliza, alikuwa na mbuzi? Nikasema hapana. Alikuwa na nani? Na nyanya yake, lakini nyanya ameoga, nguo ni mpya, hakuja na chochote. Akamgeuza Nakeno uso kwenye taa. Shavuni alikuwa na alama, Mama. Duara ndogo ndogo kwa mistari, nyekundu, zimevimba. Ni shanga zako. Alikuwa amelala kifuani kwako mchana, uso wake shingoni kwako, anataja rangi moja moja mpaka usingizi ukamchukua. Nakumbuka niliwaangalia nikafurahi.

Daktari anasema mafuta ya mbuzi unayozipaka yanashika ule unga, na kamba zake ni za ngozi. Uliosha mwili, Mama. Shingo yako hukuiosha, kwa sababu huwezi kuiosha bila kuzivua.

Ukija tena, ziache Lodwar. Nakuomba. Najua ninachokuomba. Nilikuwepo ulipozivua kumlilia Baba. Nimekaa na kalamu hii tangu Jumamosi.

Binti yako,
Akaale

---

Lodwar, 2 Juni 2024

Akaale,

Umeandika kwa mkono wako kwamba nivue shanga. Kwa mkono huo huo niliokufundisha kulia chakula.

Nikukumbushe, maana Kakuma imekusahaulisha. Kamba ya kwanza alinifunga baba yako Ejore siku aliponileta kwake. Kila mtoto niliyezaa ikaongezeka, kila mwaka wa mvua ikaongezeka, mpaka kidevu changu kikapata pa kupumzika. Nimezivua kwa kaka yako. Nimezivua kwa baba yako. Basi. Mwanamke wa Kiturkana akionekana shingo tupu, watu hawamwulizi habari. Wanakaa chini wanaanza kulia.

Sasa nizivue nikimlilia nani? Taja jina. Ni wewe umezaa, taja. Unataka nisimame mbele ya Mungu wetu Akuj na shingo tupu mtoto akiwa hai, nimwambie, mimi niko tayari, chukua?

Mtoto alilala kifuani kwangu akipumua kama ndama. Alikuwa na mimi, alikuwa mzima. Ameugua nilipoondoka, kwako, kwa moshi wako wa mkaa na chai zako. Lakini mkosaji ni Namuar. Mkosaji ni shingo ya Namuar.

Usiniandikie tena.

---

Kakuma, 4 Agosti 2024

Kwa Mama,

Ejok, Mama. Sisi wazima.

Hii ni barua nyingine baada ya zile ambazo hukujibu. Aukot anasema anakupa mkononi, unaziweka ndani ya shuka bila kufungua. Nitaandika hivyo hivyo. Labda shuka inasoma.

Nakeno ana nafuu kubwa. Anavuta ile ya kahawia asubuhi na jioni, anasukutua mdomo, anakimbia shule bila kusimama njiani. Ukimwona hutadhani ni yule.

Lakini mbuzi zikishuka kunywa kwenye visima vya mchangani huko mtoni Tarach, anasimama kwenye ua wa miba kuziangalia. Anaziangalia kama watu wanavyoangalia harusi ambayo hawakualikwa. Jana aliniuliza kama wale watoto wa mbuzi yake wamepewa majina. Halafu akauliza, "Nyanya amenikasirikia kwa sababu ya kifua changu?"

Mjibu yeye, kama mimi hunijibu. Shule zimefungwa tena na hakuna anayemngoja popote.

Akaale

---

Kakuma, 13 Oktoba 2024

Kwa Mama,

Ejok. Nakuandikia kwa haraka, chai iko jikoni.

Ile dawa ya kahawia ilikosekana mwezi uliopita. Kwa sababu Nakeno alikuwa mzima sikuhangaika kuitafuta, nikasema tutaendelea ikirudi. Sasa ameanza tena kukohoa alfajiri. Jana nimeipata. Daktari amenigombeza kama wewe. Anasema uvimbe ulikuwa unakua kimya kimya ndani wakati mimi naona mtoto anakimbia, na utachukua muda kushuka.

Ebei naye anakohoa siku hizi. Naomba iwe mafua.

Nakeno ana neno lake hapa chini. Nimemwachia nafasi.

Akaale

*Kwa Nyanya. Ejok? Mimi mzima kidogo. Nimechora shanga zako zote na rangi zake vile zinafuatana, nyekundu mbili halafu nyeupe halafu ile bluu kubwa iliyopasuka. Ukizivua hutasahau kuzipanga. Karatasi iko ndani ya barua hii. Kama nimekosea rangi njoo unionyeshe. Mjukuu wako Nakeno.*

---

Lodwar, 28 Oktoba 2024

Akaale, na Nakeno,

Ejok. Ejok tena. Barua zilizokuwa ndani ya shuka nimezifungua zote.

Nimezivua.

Nimezivua Jumamosi, mchana, mbele ya mlango wangu, kila mtu aone. Sikutaka isemwe nimejificha. Kamba zingine zilikuwa zimeshikana na mafuta mpaka nikatumia kisu. Zimejaa debe dogo la kupikia. Shingo yangu ni nyembamba, Akaale, sikujua. Ni nyeupe kama ya mtu aliyefungwa jela.

Unajua kilichofuata. Wakaja. Yule jirani mnene akaja wa kwanza, ametupa kuni zake njiani, akakaa chini akaanza kulia bila kuuliza. Wengine wakamfuata. Nikawaambia, nyamazeni, hakuna aliyekufa. Wakalia zaidi, wakidhani huzuni imenigusa kichwa. Mmoja akauliza, ni nani? Nikasema, ni mjukuu wangu. Wakapiga kelele. Nikasema, yuko hai, nyinyi wajinga, nimezivua ili awe hai! Hapo wakanyamaza kweli. Wakaondoka mmoja mmoja wakinitazama kwa pembeni. Yule mnene akaniambia, Namuar, unacheza na kifo. Nikamrushia kuni zake.

Mbuzi nimempa Adome azipeleke Lorugum kwa watu wake. Ile nyeupe iligeuka ikaniangalia. Sitaki kuandika juu ya hiyo. Nywele nimenyoa. Manyatta sijalala ndani, nalala nje juu ya gunia jipya, maana umesema unga huo unashika kila kitu.

Nakeno, rangi umekosea moja tu. Baada ya ile iliyopasuka ni njano, si nyeupe. Na mimi sina hasira na kifua chako. Nina hasira na watu wazima, na mimi ni mmoja wao. Majina ya watoto wa mbuzi utaniambia, nitayatuma Lorugum.

Nakuja Ijumaa na gari ya Aukot. Ulale shingoni kwangu vile unataka. Hakuna kitu hapo sasa, ni ngozi tu.

Nyanya yako

---

Lodwar, 24 Novemba 2024

Akaale mwanangu,

Ejok. Najua si ejok, lakini barua lazima ianze.

Tangu nirudi hujaandika, na sikudai. Mimi pia nilinyamaza Juni mpaka Oktoba, na sikuwa na msiba. Lakini sasa sikiliza, kuna kazi.

Kwanza nikuambie ile Ijumaa, maana pale kaburini hatukuzungumza. Nilikuwa kiti cha mbele. Kabla ya kufika Kakuma simu ya Aukot ikalia. Akasikiliza, akasimamisha gari. Akashuka akaanza kuangalia tairi. Aliangalia tairi moja muda mrefu, na tairi ilikuwa nzima. Mimi nilishika shingo yangu, nikakuta hakuna kitu cha kushika. Hapo nikajua.

Nyadak ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika na mikono yake. Kwamba Alhamisi, baada ya shule, mtoto alishuka Tarach. Aliona mbuzi nyeupe yenye shingo nyeusi, si yake, ya watu wengine, akaikumbatia. Aliwaambia wenzake, nyanya yangu anakuja kesho, nakizoesha kifua. Akarudi nyumbani akiwa anacheka. Akala. Ukamwona mzima, na ungemwonaje vingine? Kisha ule uvimbe wa pili ukaja, ulioniandikia Aprili na mimi nikacheka. Ukaja juu ya kifua kilichokuwa kimeshavimba. Dawa ya bluu ilikuwa juu ya sanduku, umeiweka mbali Ebei asiichezee. Ulipoifikia, njia ya hewa ilikuwa imefungwa. Bodaboda ilifika mlangoni pa hospitali na mtoto hakufika.

Nimeandika yote kwa sababu najua unayarudia kichwani peke yako. Sasa tumekuwa wawili.

Huku wanasema nimemwitia. Wanasema Namuar alivua shanga Jumamosi, kabla ya wiki kuisha kifo kikafika, kilikuwa kimeonyeshwa njia. Yule mnene hasemi, anatikisa kichwa tu, ni mbaya zaidi. Nisikudanganye, hata mimi ndani ya ile gari nilifikiri hivyo. Niliona kama nilifungua mlango kwa mkono wangu.

Lakini nimefikiri tena, kwa sababu mbuzi hazipo na nina muda wa kufikiri. Kama shanga zilimdhuru, zilimdhuru Mei zikiwa shingoni kwangu, si Oktoba zikiwa ndani ya debe. Shingo tupu haivimbishi kifua cha mtoto. Mimi nilichelewa kuzivua, hilo ndilo kosa langu, na nitalibeba. La kuzivua silibebi. Nimesema hivyo kanisani, mbele ya wote, nikiwa nimesimama. Kama tutakubali kwamba ni shanga zilizovuliwa ndizo zimeua, basi mtoto mwingine wa hapa akikohoa watamfunga ushanga na kumlaza kwa mbuzi. Na wewe usikubali mtu akuambie vingine, hata akiwa anakufariji.

Na hilo sanduku, usiliangalie tena. Ukiendelea kujilaumu nitakuja nikuchape, mkubwa hivyo.

Sasa kazi.

Ebei anakohoa. Nilimsikia kwenye matanga, alfajiri, watu wakidhani ni moshi. Si mafua hayo, Akaale, nimeusikia ule mluzi. Kesho usifungue chai. Mpeleke kwa daktari, umwambie dada yake alikuwa na nini. Akikupa ya kahawia, mtoto avute kila siku, hata akicheka, hata akikimbia kama gari. Ikikosekana, usingoje irudi, mtume Aukot aitafute Lodwar. Na asiletwe kwangu mpaka mvua ioshe zizi. Nimelifagia lakini bado lina harufu.

Ndani ya mfuko huu aliokupa Aukot kuna shanga. Hazitoki kwa mtu mwingine, ni zangu. Nimezichemsha kwa sabuni mpaka maji yakawa safi, nikazianika kwa jua, nikazitia upya kwenye uzi wa nailoni, hakuna ngozi. Nimezipanga kwa ile karatasi ya Nakeno. Baada ya ile iliyopasuka nimeweka nyeupe kama alivyochora yeye. Mwishoni nimefunga kitanzi. Hicho ni cha dawa ya bluu ya Ebei, mpaka yeye akue aibebe mwenyewe.

Najua uko na shingo tupu kwa ajili ya mtoto wako. Imetosha. Itie ile dawa kwenye kitanzi, uvae leo, kabla ya kukunja barua hii. Usiivue ukipika, usiivue ukioga, usiivue ukilala.

Mama yako,
Namuar